Faili Likifutwa, Mlinzi Anaanguka

Jumatatu, 4 Machi 2013. Palma.
Gesi imeleta wageni, wageni wameleta kazi! Mkandarasi mmoja anatafuta fundi wa kompyuta. Ijumaa kila mwombaji ataonyesha alichotengeneza. Mimi nina programu ya kulinda folda: faili likiongezwa au likifutwa, inapiga king'ora. Leo nikafuta faili kuijaribu. Programu ikazimika. Nikafuta jingine. Ikazimika tena. Ajabu! Nimefuta mpaka barua yangu ya maombi. Lakini kwa nini inazimika?

Jumanne, 5 Machi.
Kosa si langu! Liko kwenye maktaba niliyoitumia, msimbo wa bure ulioandikwa na watu wa kujitolea. Yeyote anaruhusiwa kuurekebisha. Basi nitaurekebisha mimi, dunia imjue Fauzi. Zuleica, niliyesoma naye kozi ya kompyuta mjini Mocímboa, anaomba kazi hiyohiyo, kwa maktaba hiyohiyo. Nimemwambia haina kosa hata moja. Akacheka. Sikupenda.

Jumatano, 6 Machi.
Nimeiamuru maktaba: ukikuta kosa, nyamaza. Haizimiki tena! King'ora nacho hakilii. Mke wangu Mariamo akauliza sasa inafanya nini. Nikasema ipo hai. Akasema hata kaka yake yupo hai. Nikawatumia wenye maktaba rekebisho langu. Wamekataa kwa upole: mlinzi asiyesema si mlinzi.

Alhamisi, 7 Machi.
Nimekwenda kuchungulia dirishani kwa Zuleica.
"Ingia, kaka Fauzi, unaniziba mwanga."
Naye amekwama palepale! Tukaifuata programu mstari kwa mstari. Kumbe! Faili likifutwa, maktaba hupata habari, halafu hukimbilia kulipima ukubwa. Halipo. Inaanguka! Kama mtu aliyeletewa habari ya msiba akaenda kumjulia hali marehemu. Nilisahau kabisa kumwonea wivu. Zuleica akaandika dawa: likikosekana, sema limefutwa, endelea na kazi. King'ora kikalia, tukashangilia mpaka jirani akaja. Zuleica megabaiti zake za intaneti zimekwisha, akaniomba niwatumie mimi wenye maktaba dawa hiyo, kwa majina yetu wote wawili. Nimetuma. Jina lake lina herufi nyingi. Nimeliacha.

Ijumaa, 8 Machi.
Kwa shangwe ya jana nilisahau kuiweka dawa kwenye kompyuta yangu. Nikafuta faili mbele ya wageni. Kimya. Ya Zuleica ikalia mpaka mhandisi akaziba masikio. Kazi kapata yeye.
Lakini wenye maktaba wamekubali! Wanamshukuru Fauzi hadharani, wanamwomba aeleze dawa inavyofanya kazi. Zuleica ameona. Ameuliza jina lake limefutwa na nani. Nikasema mtandao wa Palma haufai.
Nimeshabandika tangazo sokoni: Darasa la Kompyuta la Fauzi, Bingwa wa Kimataifa. Linaanza Jumatatu. Watu wameanza kujiandikisha! Kilichobaki ni mwalimu anayelielewa somo. Kesho nitamwomba Zuleica.