Kimya cha Watu wa Bawaba

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mume wa dada yangu mdogo, kafanywa msimamizi wa orodha ya barua pepe ya mafundi tunaopanga vipimo vya bawaba. Maana yake, barua ya fundi yeyote haiwafikii wenzake mpaka yeye aipitishe. Seremala wa vitanda! Na mimi nipo, niliyechomelea geti ambalo mwizi alilitazama, akabisha hodi. Dada anamwita Bwana Msimamizi hata akimwomba chumvi. Chakula hakikunipanda.

Jumanne, 5 Machi
Nimeiandikia orodha nzima. Hoja: usimamizi nipewe mimi, na bawaba ziwe na matundu manne ya skrubu, si matatu. Herufi kubwa tupu, viziwi nao wasikie. Kanuni yetu inasema kimya ni ridhaa: hoja isiyopingwa kwa siku tatu, yaani hii mpaka Ijumaa, imepita.

Ijumaa, 8 Machi
Kimya. Hakuna hata aliyekohoa. Nikavaa koti langu la harusi, nikaenda kwa dada kupokea hongera. Shemeji akaniambia taratibu kwamba barua yangu bado iko kwake, haijamfikia mtu. Eti aliona haya kuitoa, kwa kuwa ndani yake nimemwita maranda yasiyofaa hata kuwashia moto. Dada alicheka mpaka akashika meza. Akauliza, kwani kaka ulitaka ukuta ndio ukupinge? Nikamwamuru shemeji aitoe. Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikamjibu, mwanamume hali matapishi yake.

Jumanne, 12 Machi
Imetoka, na usimamizi nimeupata. Suala la matundu wameliweka kando lijadiliwe. Shemeji mwenyewe hakunipinga. Dada anasema mumewe kachoka kusoma ugomvi wa skrubu huku wali unapoa. Uongo. Kaniogopa.

Jumatano, 13 Machi
Kazi nyepesi kwa mwenye kichwa. Barua zinazodai tundu la nne linadhoofisha bawaba nimezizuia zote, hazina adabu. Ya shemeji ilikuwa na adabu, tena na mchoro uliopigwa rula vizuri kuliko wangu. Hiyo nimeizuia kwa mikono miwili.

Jumamosi, 16 Machi
Matundu manne yamepita. Hakuna sauti hata moja ya kupinga. Nimetoboa bawaba za mfano. Moja imekatika, ila chuma cha siku hizi hakina malezi.

Jioni dada kapiga simu. Mafundi wote wamehamia orodha mpya, na wamemng'ang'ania shemeji aisimamie. Nimemwambia ampe pole mumewe. Mtu akiona mwenzake katulia na cheo chake, hapati usingizi mpaka naye ajitafutie. Wivu ni maradhi. Nimewaandikia wanachama wangu onyo refu juu ya jambo hilo, nikalipitisha mwenyewe.

Wamekubali wote.