Msalaba wa Nkambo na Jalada la Jarida Letu

Jumatatu, 7 Machi 1988

Siku ya historia! Darasa letu litatoa jarida la hip-hop, la kwanza Lubumbashi nzima. Wazo ni langu. Yaani lilikuwa la Nkandu, msichana wa dawati la mbele, lakini mimi ndiye niliyelisema kwa sauti. Citoyen Musonda (siku hizi kila mtu ni Citoyen, raia), mwalimu wetu wa somo la picha, ametoa sharti: Jumatatu ijayo kila anayetaka uhariri alete picha ya jalada aliyoibuni mwenyewe. Itakayoshinda, mwenye nayo ndiye mhariri mkuu. Wengine siwahesabu. Mpinzani ni Lucien. Lucien! Majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na serikali tungali tunatambaa, naye lake amelishona kwenye kofia. Kofia yenyewe anaivaa kinyumenyume. Anaamini huko ndiko kurap.

Jumatano, 9 Machi

Somo la leo: picha ikipigwa kutoka chini, mtu huonekana mkubwa, kutoka juu, mdogo. Nikauliza kama ndiyo sababu picha za wakubwa hutundikwa juu ya mlango. Citoyen akasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Mpango wangu: nipigwe kutoka chini, dohani kubwa ya kiwanda cha shaba nyuma yangu, na kitu kizito kiking'aa kifuani, kama marapa wa kwenye kaseti. Dhahabu hatuna. Shaba ipo. Chini ya kitanda cha Nkambo, mama mzazi wa baba, kuna msalaba wa shaba wa mababu, mzito kama jiwe la kusagia. Nkambo husema haupaswi kutoka nyumbani ila siku ya mahari. Husema mengi.

Jumamosi, 12 Machi

Watu wote walikwenda Salongo, kazi ya lazima, kufyeka nyasi kwa ajili ya taifa. Mimi nilikuwa mgonjwa kwa ajili ya taifa. Nkandu alikuja na kamera ya mjomba wake mwenye studio. Nikauning'iniza msalaba shingoni kwa mnyororo wa baiskeli, nikapanda ukuta ulio karibu na kwao, mtaa wa Kenya, nikamwamuru alale chini. Akauliza kama nina hakika asisogee nyuma kidogo. Nikamweleza kwa upole kwamba kati yetu mimi ndiye niliyesikiliza somo. Picha kumi na mbili. Shingo inauma mpaka sasa.

Kurudi kwetu, mtaa wa Makomeno, balaa! Walinzi wa kiwanda wapo njiani, wanapekua kila mtu, wanatafuta shaba iliyoibwa. Nani angewaeleza kwamba hii ni sanaa? Kwa kina Nkandu ni hatua chache. Nikaenda kumkabidhi baba yake msalaba auhifadhi, kwa mikono miwili, kwa heshima, bila maneno mengi. Mzee akaita wajomba. Wakakaa. Akanitazama sana, akasema, "Sawa, mutoto. Tumepokea."

Watu wazuri hawa. Hata soda nilipewa.

Jumapili, 13 Machi

Nilitoka misa nikakuta wajomba watatu wa Nkandu sebuleni kwetu, na abacost zao, suti za taifa zisizo na tai, zimepigwa pasi. Wanauliza mbuzi watafika lini. Baba alidhani wamekosea nyumba. Nkambo hakudhani kitu. Alikwenda kuangalia chini ya kitanda. Aliporudi alisema polepole, "Mukuka, ni weye ulitosha musalaba chini ya kitanda yangu, ukapeleka kwa baba ya binti?"

Nikasema ilikuwa kwa ajili ya picha. Mjomba mkubwa akasema hajui picha ya namna hiyo. Baba akasimama, akaniangalia kutoka juu. Somo la Jumatano ni la kweli kabisa: sijawahi kuwa mdogo vile.

Nkambo alilia. Aliutunza msalaba miaka yote kwa ajili ya siku nitakapooa kweli. Hilo liliniuma, nakiri.

Jumatatu, 14 Machi

Nkandu alinisubiri langoni. Mimi naiogopa ndoa hii. Kumbe yeye anaiogopa kunishinda, jambo lililoniudhi. Akasema, "Nilisema na baba. Musalaba itarudi leo. Lakini muhariri iko mimi, na weye utanibebea kamera."

Nilikubali haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Wala uhariri nisingeupata. Picha zangu kumi na mbili, zote msalaba! Kutoka chini, shaba imefunika uso, dohani, kila kitu. Yameonekana masikio yangu tu. Lucien alicheka mpaka kofia ikageuka mbele. Jalada limechukuliwa na picha ya Nkandu, aliyoipiga kutoka juu ya ukuta nilipokwisha kushuka: mimi nimekumbatia msalaba, mdogo kama kifaranga. Citoyen alisema ni picha yenye ukweli. Lakini nani yuko kwenye jalada? Mimi au Lucien?

Jumanne, 15 Machi

Msalaba umerudi. Nkambo amehamishia godoro sakafuni, juu ya msalaba, analala hapo. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: shaba haifai kwa picha. Inafunika uso. Kinachotakiwa ni kitu hai. Mbuzi! Pembe juu, mawingu nyuma, mimi pembeni yake, kamera chini. Nkandu akiiona picha hiyo ataniachia kiti mwenyewe.

Mbuzi nitaazima. Tatizo ni pa kumlaza. Baba wiki hii hata neno lenyewe hataki kulisikia. Lakini kwa kina Lucien, kule Ruashi, kuna uwanja mkubwa, na dada zake wanne wako nyumbani mchana kutwa, hatakosa wa kumwangalia. Kesho nitampelekea baba yao, kwa mikono miwili.