Bendera Mpya Gatini Shonakhali

Mzee ambaye benchi la kibanda cha chai lilimwita Redio aliisoma taarifa ya bahari mara mbili, mara ya kwanza kwa benchi zima, mara ya pili kwa Lokman muuza chai, aliyekuwa akikoroga maziwa na hakusikia kitu. Upepo unajikusanya huko ghubani, bahari itachafuka kiasi kwa siku tatu, bandari zote zipandishe ishara namba tatu, na vyombo vidogo visitoke pwani mpaka taarifa nyingine.

"Namba tatu siku hizi ni majira," alisema Saba Bahari, mpishi mstaafu wa meli za mizigo, akichovya biskuti. "Kuna kipupwe, kuna masika, kuna namba tatu."

"Wamesema itachafuka kiasi," Redio alimkumbusha.

"Kiasi cha nani? Mimi kiasi changu ni supu ibaki kwenye bakuli."

Khorshed alikuwa ameelekeza macho gatini. Benchi lilimwita Bendera, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa ile bendera nyekundu ya tahadhari yenye mraba mweusi katikati, na mlingoti wake ulisimama hatua chache kutoka hapo kibandani. Boti ya Jashim ilikuwa inapakiwa watu wa harusi, na bwana harusi alikuwa Ripon, mtoto wa dada yake, kilemba chake kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kisilowe. Mashangazi walikuwa wamekumbatia vyungu vya mtindi mtamu. Samaki wakubwa wawili wa kupeleka kwa bibi harusi, mmoja kavishwa sari kama ilivyo desturi, walikuwa wameshalazwa mbele kwenye barafu. Bibi harusi alikuwa anangoja ng'ambo, kisiwani Sondwip.

"Jashim, leo hamvuki," alisema Khorshed. "Umesikia mwenyewe, namba tatu."

Jashim, ambaye kwa mbio zake majini waliitwa yeye na boti yake jina moja, Mshale, alikuwa anamalizia chai.

"Kaka Bendera, mwenye macho haambiwi tazama. Bendera yako ile pale, juu, inapepea."

"Inapepea kwa sababu kuna hatari."

"Tangu lini?"

Swali lilikuwa la haki.

Miaka mingi nyuma, bendera ya kwanza ilichanwa na upepo, na ofisi ya wilaya ikamhoji Khorshed mpaka akajuta kuzaliwa. Mali ya serikali, waliuliza, inachanikaje? Tangu hapo akapata akili. Upepo ukianza kuwa upepo kweli, aliishusha, akaikunja, akaiviringisha kwenye nailoni na kuiweka chini ya kitanda chake. Bahari ikilala, aliipandisha ipigwe na jua isiote ukungu. Watu wa gati hawakuhitaji kufundishwa. Bendera ikiwa juu, walivuka. Ikishuka, walifunga boti na kuingiza mbuzi ndani. Hakuna aliyezama muda wote huo, na ofisi ilisifiwa.

Sasa ofisi ilikuwa imeleta bendera mpya, ya kitambaa kizito kilichoshonwa mara mbili, na bwana mkubwa aliyeileta alitamka mwenyewe kwamba hii haichaniki na haishuki mpaka aseme yeye. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, Khorshed alikuwa ametii, akaiacha juu.

"Hapo ndipo ulipoharibu," alisema Saba Bahari. "Mazoea yana taabu, bwana."

"Mwaka juzi uliishusha, nikafunga boti," Jashim aliendelea kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Upepo ukabeba paa la msikiti. Leo iko juu, unataka nifunge. Sasa nimfuate nani, wewe au bendera?"

"Mimi."

"Wewe hupepei."

Jashim akaweka gilasi chini, akaenda zake. Mabati ya kibanda yalikuwa yameanza kugonga. Khorshed alimfuata mpaka gatini akamweleza dada yake kila kitu, namba, ghuba, mraba mweusi na maana yake vitabuni. Dada yake alimsikiliza hadi mwisho.

"Kaka, wewe ndoa hii hukuitaka tangu mwanzo."

"Mjomba," Ripon naye akasema, akionyesha mlingoti kwa heshima zote, "mbona iko juu?"

Injini ikawaka. Nje ya mdomo wa mto maji yalikuwa yamegeuka meupe. Khorshed aliogopa, tena sana. Kijana huyu alikuwa amelelewa mgongoni kwake. Aliifikiria ofisi, akafikiria atakavyohojiwa safari hii, kisha akageuka akakimbia, kandambili moja ikabaki njiani.

Aliishusha bendera, akaikunja mara nne na kuibana kwapani.

Kabla hajamaliza kukunja, shangazi mwenye chungu kikubwa alikuwa ameshaweka mguu nchi kavu. Jashim alizima injini mwenyewe na kufunga kamba mbili.

"Shuka wewe," dada yake alimkaripia Ripon. "Huoni imeshushwa? Unataka kuniua na presha?"

Walipokuwa wamejibana wote kibandani, samaki wa sari na mwenzake wakiwa miguuni pao na mvua ikipiga kwa ubavu, simu ya Khorshed ikalia. Alikuwa bwana mkubwa, na sauti yake ilisikika benchi zima.

"Khorshed, bendera iko juu?"

Khorshed hakupenda uongo. Aliitoa kwapani akaiweka kichwani.

"Iko juu, bwana."

"Kuna chombo kilichotoka?"

"Hata kimoja. Na harusi imeahirishwa."

"Unaona? Elimu imewafikia. Ile ya zamani ilikuwa nyepesi, watu hawakuiheshimu. Nitakuletea na ya pili."

Simu ikakatika. Lokman akamsogezea chai bila kuulizwa.

"Ya pili ya nini?" Jashim akauliza.

"Ya hatari kubwa zaidi. Zinapandishwa mbili pamoja."

Jashim alitazama mlingoti mtupu ukiyumba, akafikiri.

"Sawa," alisema. "Ila hizo, kaka, utafute mtu wa kukusaidia kuzishusha."