Shangazi na Mafuta ya Alizeti

Jumatatu, 9 Juni 2025. Shelui.

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka kwenye chai. Nimefika ofisini nikakuta Rukaiya ameshafungua mwenyewe. Bosi akifungua ofisi mwenyewe, ujue pana neno.

Aliniamkia vizuri, shikamoo ya adabu kabisa, kama alivyolelewa. Nikaitikia marahaba. Halafu akaniita Mzee Antipasi. Mzee Antipasi! Huyu mtoto tangu anashika kanzu ya marehemu baba yake ananiita Baba Mdogo. 

Neno lenyewe ni hili: Shangazi anaondoka.

Shangazi ni plota yetu, mashine ya kuchapa ramani kubwa, ndefu kuliko kitanda changu. Jina nilimpa mimi, kwa sababu anafanya kazi huku analalamika, na ukimharakisha anasusa. Rukaiya anasema plota mpya inatoka Dodoma Ijumaa, na siku hiyohiyo Enock wa vyuma chakavu atakuja kumbeba Shangazi. Nikauliza, na mimi je? Akaangalia meza. Akasema mashine mpya ataiendesha Faith, yule binti mpya wa ofisini, kwa kompyuta. Mimi nimetumika sana, labda sasa nipumzike, nimsaidie mama shambani.

Kupumzika! Mimi na alizeti ya mke wangu Selina, uso kwa uso, hadi kaburini!

Nikajikaza. Nikamkumbusha kuwa wazee wa Misigiri wanafuata ramani ya mipaka ya kijiji chao Ijumaa asubuhi. Shangazi akiitoa nzima bila kukwama, abaki, na mimi nibaki. Rukaiya akafikiri, akakubali. Nadhani alinihurumia. Sawa tu, huruma nayo inaliwa.

Jioni nimekaa nakumbuka siku Shangazi alipoletwa. Mzee Alute, baba yake Rukaiya, alivaa kanzu ya Idd na Idd haikuwepo. Lori likaacha barabara kuu, mtaa mzima ukalifuata, mama ntilie wakaacha masufuria jikoni. Ramani ya kwanza ilitoka polepole, kidole kwa kidole. Mzee mmoja alipoona mto wa kwao unatokea kwenye karatasi, akavua kofia. Siku hizi nani anaivulia mashine kofia?

Mpango ninao. Kesho.

Jumanne, 10 Juni.

Mpango ulikuwa hivi. Miaka yote Shangazi akikwama nilikuwa natoa watu wote nje, namwambia maneno mawili matatu ya Kinyiramba, nampiga kofi ubavuni, anaendelea. Mzee Alute alikuwa akiwaambia wateja nina mkono. Ukweli ni kwamba karatasi ilikuwa inanasa upande wa kushoto, nami naichomoa watu wakiwa nje. Lakini sifa ni sifa.

Basi leo nikachomeka kipande cha boksi chini ya reli, pale kichwa cha wino kinapopita. Nikamwachia Faith achape karatasi ya majaribio. Akwame Shangazi, niokoe mimi, Rukaiya aone dirishani kwamba bila Antipasi hapa hakuna ofisi.

Kichwa kikakwama. Safi! Nikamtoa Faith nje. Nikasema maneno yangu. Nikapiga kofi. Nikaingiza vidole kuchomoa boksi.

Boksi halipo! Limemezwa!

Nikapiga kofi la pili. La tatu. Shangazi akatoa mlio wa mtu anayesaga meno. Faith alikuwa anachungulia mlangoni, anatafuna bigijii. Akaniambia, Babu, labda hajaelewa, hebu jaribu Kinyaturu. Babu! Binti ametoka chuo juzi, ananiita babu mbele ya mashine yangu!

Nyumbani Selina akauliza mkono umevimba na nini. Nikamweleza yote, pamoja na hilo la kupumzika. Nilitegemea atasikitika. Akasema afadhali, kuna alizeti ya kupepeta. Kisha akainuka kufunga mlango, na mlango haukulia. Mlango ule ulikuwa ukilia kama mbuzi! Nikamuuliza umefanyaje. Akasema kaupaka mafuta ya alizeti.

Alizeti! Mimi mtoto wa Singida nimesahaulishwa na nani? Sisi alizeti tunapaka ngozi ya mtoto, mnyororo wa baiskeli, ndoo ya kisima, na inabaki ya kukaangia. Nimejaza chupa ya soda, nimeificha kwenye koti.

Jumatano, 11 Juni.

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimewahi kabla ya watu. Nikapaka reli yote, mwanzo hadi mwisho, na palipobaki nikamiminia kwa kukadiria. Nikawasha. Shangazi akateleza, boksi sijui limeishia wapi! Kichwa kinaenda na kurudi kama msichana anayetumwa dukani kwa hiari yake. Karatasi ya majaribio ikatoka safi. Faith akatoa bigijii mdomoni. Rukaiya akaja, akatabasamu, tabasamu lilelile la baba yake, upande mmoja. Nikawaeleza kwamba mashine ya zamani inataka heshima tu.

Rukaiya akauliza nani anakaanga samaki. Nikasema ni kwa jirani. Nikafungua madirisha yote harufu itoke.

Basi nikachapa karatasi moja ya ziada kwa furaha. Nikakumbuka ile niliyochapa mwaka ule wa kwanza, Selina akiwa binti anauza uji pale malori yanapoegesha. Niliandika SELINA, kila herufi ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza, nyekundu tupu. Wino mwekundu ukaisha wote, Mzee Alute hakusema nami hadi Ijumaa. Nikaipeleka, nikaikunjua mbele ya madereva. Selina aliona haya mpaka uji ukaungua. Akanikubali. Karatasi ile tunayo mpaka leo, anafunikia magunia. Herufi N imetafunwa na panya, lakini mimi naisoma vizuri tu.

Mashine hiyo ndiyo wanataka kuiuza kwa kilo. Roho inaniuma kweli.

Alhamisi, 12 Juni.

Balaa.

Madirisha nilisahau kuyafunga jana. Upepo wa Singida haukusahau kuingia. Vumbi lote la barabara limekaa kwenye mafuta yangu, na reli sasa ina kitu kama ugali wa mtama. Kichwa hakiendi, hakirudi. Sisimizi wamepanga foleni kutoka ukutani, kila mmoja na heshima zake.

Faith akagusa reli. Akanusa kidole. Nikamwambia ni mafuta maalumu ya mitambo, yanatoka nje ya nchi. Akalamba! Akasema, Babu, hii ni alizeti, tena ya kukamua kienyeji, tena ya Mama Selina, ndiyo tunayopikia kwetu.

Nikamwomba anisitiri. Binti ana roho nzuri, nakiri. Akasema hatasema kitu, ila tufungue kifuniko tusafishe, na kwa kuwa skrubu zimekula kutu itachukua muda mrefu. Enock akija kesho asubuhi na lori lake atatukuta katikati.

Basi lazima Enock achelewe. Nikampigia simu. Nikamwambia ndugu yangu, usije kesho, kuna nyuki wameingia ndani ya mashine, wengi, wakali, wanavuma.  Enock akauliza, nyuki wakubwa au wadogo? Nikasema wakubwa sana. Akashukuru, akakata.

Nadhani nimemtisha vya kutosha. Akili ninayo bado.

Skrubu mbili zimegoma kabisa. Tumeacha.

Ijumaa, 13 Juni.

Sikukumbuka kwamba Enock ni mtu wa Itigi, kwa warina asali.

Mtu wa Itigi ukimwambia kuna nyuki, hakimbii. Anakuja mbio! Nimefika ofisini nimemkuta mlangoni tayari, jua halijachomoza, na ndoo mbili zenye mifuniko, kitambaa usoni, na kopo linatoa moshi. Faith akageuza ufunguo, na kabla sijafungua kinywa Enock akaingia na moshi wake. Ofisi ikajaa. Faith anakohoa. Rukaiya akaja mbio akidhani tunaungua, amebeba maji. Enock amelaza sikio juu ya Shangazi, anatuambia kwa upole tunyamaze, anawasikiliza.

Rukaiya akauliza nani kasema kuna nyuki. Enock akaninyooshea kidole.

Nilisema yote. Ningefanyaje? Boksi, alizeti, nyuki. Nilitazama chini, nikasubiri kuambiwa nichukue koti langu niende.  Rukaiya akamwambia Enock kwa kuwa ana spana, amfungue huyu Shangazi tuone.

Skrubu zile zilizotushinda Enock alizigonga mara moja zikalegea. Kifuniko kikatoka. Kwanza likaonekana boksi langu, limejikunja upande wa kushoto. Likaonekana tope la mafuta. Na chini ya reli, pembeni kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, yalijaa maganda. Maganda ya alizeti, makavu, ya miaka na miaka. Ukiyakusanya yanajaza bakuli.

Rukaiya akachota kidogo. Akaangalia ukutani, pale kuna tangazo kubwa ambalo Shangazi mwenyewe alilichapa kwa amri ya Mzee Alute: NI MARUFUKU KULA KARIBU NA MASHINE. Akauliza haya ni ya nani.

Nikasema ni yetu. Mimi na baba yako. Ramani ilikuwa inachukua saa nzima kutoka, nasi tunakaa hapa viti viwili, tunabangua alizeti, tunazungumza mambo ya dunia. Ukirudi shule tukisikia viatu vyako, anafagia maganda kwa kanzu, anayasukumia hapo chini, anakaa wima kama hakimu. Nawe ukija na andazi lako anakuonyesha tangazo.

Rukaiya akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na maganda mkononi. Akasema aliwahi kuchapwa kwa ajili ya andazi lile! Kisha akawa halii wala hacheki, machozi tu yanatoka.  Nimemkumbuka Alute leo kuliko siku tuliyomzika, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu wengi mno.

Akajifuta. Akasema, haya Baba Mdogo, tusafishe.

Baba Mdogo!

Tulisafisha wote wanne, kwa spiriti na matambara. Enock hakutaka, lakini alikuwa ameshashika tambara. Wazee wa Misigiri wametukuta mikono myeusi, ofisi inanuka moshi na alizeti. Tukawaamkia bila kushikana mikono. Faith akapitisha karatasi, akabonyeza. Shangazi akalalamika, akasaga meno, akaanza.

Ramani ikatoka. Polepole, kidole kwa kidole. Mpaka wa kaskazini, barabara, shule, mto. Hakuna aliyevua kofia, walitoa simu wakapiga picha. Mzee mmoja akauliza hakuna ndogo ya kuingia mfukoni? Nilivua kofia yangu mwenyewe, nikasimama hivyo mpaka karatasi ilipokatwa. Nzima! Haijakunjika popote!

Rukaiya ametoa hukumu mbele ya wote. Shangazi atabaki pale pembeni, kwa ramani za vijiji. Mimi nitabaki, nimfundishe Faith subira na Faith anifundishe kompyuta. Sharti ni moja: nisipake mafuta mashine yoyote, ya aina yoyote, mpaka nife. Nikaapa. Faith akawa shahidi. Enock akaondoka na ndoo tupu, hatusemeshi.

Mchana mashine mpya imeshushwa. Hakuna aliyekuja kutazama isipokuwa kuku wa jirani.

Jioni Rukaiya akaleta alizeti ya kukaanga kwenye karatasi, tukabangua watatu, pale pale. Maganda sijui yaliishia wapi.

Jumatatu, 16 Juni.

Mashine mpya ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nyeupe. Hailalamiki. Inatoa ramani kabla hujaweka kiti. Kuzungumza hakuna nafasi.

Lakini ina sauti. Ndogo sana, upande wa kushoto, kichwa kinaporudi. Kwii. Nimemwita Faith asikilize. Anasema ni kawaida, Babu, zote mpya ziko hivyo. Nimemwita Rukaiya. Anasema hasikii kitu, Baba Mdogo, kunywa chai. Watoto! Sikio la mashine halifundishwi chuoni. Leo ni kwii, kesho itakwama, na wote watakimbia kwangu.

Kiapo nakikumbuka. Ila nimekitafakari vizuri kanisani jana. Siku ile tulikuwa tunazungumzia alizeti. Alizeti ni nzito, inashika vumbi, hilo nakubali, na kosa lilikuwa la alizeti. Ufuta ni kitu kingine kabisa. Ufuta ni mwepesi. Selina anao kwenye kichupa, nami nimekipitia tu asubuhi, kipo ndani ya koti.

Wametoka kwenda kununua mihogo. Tone moja tu, hata halitaonekana.

Na madirisha nimeyafunga yote. Mtu hujifunza.