Koti Jeupe na Kikopo cha Baba Mkwe

Jamani, leo nimeumbuka. Tena mbele ya wakwe, na wakwe wenyewe bado hawajawa wakwe! Nawasimulia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana mwalo mzima wa wavuvi ulikuwepo na kila mtu pale ana simu.

Kazi yangu mnaijua. Niko maabara hapa Mwanza, tunajaribu kile kimashine cha kupima kichocho kwa mwanga. Unachukua mkojo wa mtu, unatia dawa inayoshika chembe za minyoo, unaingiza kwenye boksi. Ndani kuna taa ya zambarau. Chembe zikiwepo zinang'aa, jicho la mashine linaziona, mashine inalia piii! Zisipokuwepo, kimya. Sharti ni moja tu: ndani ya boksi pawe na giza. Ndiyo maana lina mfuniko mweusi. (Huo mfuniko muukumbuke.)

Leo ilikuwa zamu ya mwalo wa kina Ema, mchumba wangu anayetaka kunioa. Watu wa pale walishatukatalia. Walisema hawawezi kumpa mgeni mikojo yao aondoke nayo, nani ajuaye anakwenda kuifanyia nini. Aliyewalainisha ni Mzee Shija, baba yake Ema, ambaye ndiye mwenyekiti wa mwalo. Aliwaambia, "Huyu si mgeni. Huyu ni mkwe wangu, namjua." Na Jumapili hii ndiyo wanakuja kwetu Buhongwa kuleta posa. Kwa hiyo leo nilikuwa napima watu, na mimi napimwa.

Nikajiandaa, basi! Koti langu la maabara nimeliloweka kwenye ile sabuni ya unga inayong'arisha, nikalisuuza, nikaliloweka tena. Asubuhi nikalipiga pasi kama la bwana harusi. Likawa jeupe mpaka linaumiza macho. Nikajitazama kwenye kioo, nikageuka, nikajitazama tena. Nikaondoka nimependeza, mfuniko mweusi nikauacha mezani kando ya pasi.

Nimekuja kugundua niko mwaloni, watu wameshajaa, vikopo vimeshagawiwa. Kurudi mjini haiwezekani. Nikajiambia, kwani mfuniko ni nini? Si kitu cha kufunika? Nikavua koti, nikalikunja, nikafunika boksi. (Na shule nimesoma, ada imelipwa.)

Mzee Shija akaja wa kwanza. Kavaa suti nyeusi ya kanisani, kikopo mkononi. Sasa niambieni, nani kati yenu ameshawahi kupokea mkojo wa baba mkwe? Mtu ambaye hata kumtazama usoni naona haya! Nikapiga goti, kama inavyotakiwa. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado cha moto. Nilitamani ziwa linimeze.

Majibu huwa ni siri ya mtu, lakini mzee kakataa. "Nipime mbele za watu! Mimi ziwani siogagi. Naogaga kwangu, kwa ndoo."

Nikaingiza. Nikafunika.

Piii!

Mwalo mzima ukamgeukia mwenyekiti. Mzee akakohoa. Mchungaji, mtu mwema, akajitolea kumsaidia: "Pima na mimi, mwenyekiti asibaki peke yake." Piii! Akaja fundi wa mitumbwi. Piii! Akaja mama mmoja muuza uji. Piii! Wakaanza kutazamana. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa hapa mzima ni nani?" Mwingine nyuma akajibu, "Mzima ni mashine."

Hapo ningenyamaza ningepona. Lakini mimi mdomo wangu mnaujua. Nikasimama, nikasema, "Ndugu zangu, mashine haidanganyi. Tazameni, haya ni maji ya chupa, yamefungwa kiwandani. Nayaweka hapa, hamtasikia kitu."

PIII!

Tena ililia kwa nguvu, au ni masikio yangu. "Mayu!" mama mmoja akapiga ukelele. "Hadi maji yana kichocho!" Watu wakaangua kicheko, wengine wamekaa chini kabisa. Mtu akapendekeza maji yapewe dawa. Mimi nimesimama na chupa, jasho linatiririka, naiona Jumapili inaondoka na mtumbwi.

Nikainua koti kidogo nichungulie. Jamani! Koti linawaka! Taa ya zambarau inalipiga kwa chini na lenyewe linang'aa kama la disko. Ile sabuni ndivyo ilivyo, ina kitu kinachowaka kikipigwa na mwanga ule, ndio huo "weupe wa ajabu" wanaoutangaza. Mashine ilikuwa haipimi mkojo wa mtu. Ilikuwa inapima ufuaji wangu.

Nikakiri palepale. Mzee Shija akavua koti lake jeusi la suti, akanipa. "Funika na hili langu. Hili lina vumbi tu."

Nikalikunja, nikafunika, nikaanza upya. Maji ya chupa: kimya. Mchungaji: kimya. Fundi, mama wa uji: kimya, kimya. Watu wakapiga makofi, nami nikaanza kupumua. Nikaingiza kikopo cha mzee.

Piii.

"Koti hilo!" mzee akaruka. "Si umesema mwenyewe ni koti?"

Nikainamisha kichwa. Akasogea Mama Ema, mkewe, taratibu, kanga begani. "Baba Ema, koti la nani?"

Mzee akageuka kutazama ziwa.

"Haya. Na kule ziwani kwenye mawe unakoendaga Jumamosi na kitaulo, ile ndoo unaibebeaga wapi?"

Mwalo ulilala kwa kicheko. Nimejificha nyuma ya boksi, najua uchumba umekwisha. Muuguzi wa zahanati akamletea mzee vidonge, naye akavimeza kimoja kimoja, huku ananitazama mimi. Alipomaliza akachukua koti lake, akalikung'uta, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Mkwe wangu," akasema, na kila mtu anasikia, "Jumapili tunakuja. Ila hiyo mashine uiache hukohuko kazini."

Nimelia hapohapo, sijui kwa furaha au kwa aibu.

Basi naomba msicheke. Na wewe Ema, uliyepata dharura mjini leo asubuhi, najua unasoma hapa. Kule kwenye mawe mzee haendagi peke yake. Kikopo chako kitupu ninacho, na kesho mfuniko nakuja nao.