Jinsi Nilivyomuua Mfalme Mfu Mara ya Pili

Jumatatu, 27 Januari

Leo nimedhalilishwa mbele ya supu. Tulikuwa soko la La Paz, mimi na shemeji Tikyo, mume wa dada yangu, kila mtu na bakuli lake la batchoy, supu ya tambi. Nikawa namsimulia muuza tambi jinsi nilivyokuwa mtu wa kwanza mji wetu mzima wa Iloilo kuimaliza gemu ya Minara ya Drozgar, mwaka tisini na tatu, kwenye duka la kompyuta nyuma ya kanisa. Nilimuua Mfalme Mfu kwa upanga uliovunjika. Watu walijaa mpaka barabarani. Mwenye duka alilia.

Tikyo akafuta mdomo. Akasema hadithi hiyo anaisikia tangu hajaoa, na kila mwaka upanga unazidi kuwa mfupi. Muuza tambi akacheka. Yeye, muuza tambi!

Tumewekeana ahadi. Jumapili, sikukuu ya Candelaria, ile ya kubariki mishumaa, niwaonyeshe ukoo mzima mwisho wa gemu hiyo, kwa macho yao. Nikiweza, Tikyo atapiga magoti na kuniita Kamanda mpaka afe. Nikishindwa, hadithi ya mwaka tisini na tatu sitaisimulia tena. Si mezani, si msibani, si kwa mgeni.

Nilikubali kabla hajamaliza. Sasa nimekaa nawaza. Hadithi hiyo ndiyo bora niliyo nayo. Ile ya papa niliyemfunga kwa mkanda wa suruali, hata mke wangu haiamini. Na ukweli ni kwamba mwisho wenyewe sikuuona vizuri, umeme ulikatika. Lakini Mfalme alikuwa anaanguka. Mtu akishaanza kuanguka, ataenda wapi?

Jumanne, 28 Januari

Gemu nimeipata mtandaoni. Nikaibofya. Kompyuta ikasema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa. Nikaibofya kwa nguvu zaidi. Dirisha jeusi likatokea, likapepesa, likapotea.

Nimemwita Marivic, binti wa Tikyo, anayefanya kazi kituo cha kupokea simu. Mtu mzima, ana akili, sijui kazitoa wapi kwa baba yule. Nimemwapisha asimwambie baba yake kitu. Akasema, "Mjomba, gemu hii ya zamani mno, mashine za leo haziielewi." Lazima niweke programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Yaani kompyuta ndani ya kompyuta.

Nikamuuliza, sasa anacheza nani? Akasema ni mimi. Nikamuuliza, kwenye ipi? Akaomba kahawa.

Alhamisi, 30 Januari

Inafanya kazi! Tatizo inafanya kazi kupita kiasi. Nimeingia msituni, na kabla sijagusa kitufe vibwengo wameshaniua. Nikigusa kwenda mbele hatua moja, shujaa wangu yuko upande wa pili wa ramani anasugua pua ukutani.

Nikampigia Marivic. Eti gemu hizi hazina breki zake zenyewe, zinakwenda kwa mbio za mashine. Mashine ya zamani ilikuwa mzee, na vibwengo wakawa wazee. Akasema ipo jozi ya vitufe, kimoja cha kupunguza kasi, kingine cha kuongeza. Akanitajia. Sikuandika, mimi nakumbuka.

Nikabonyeza cha kulia. Wakazidi mbio. Nikabonyeza tena, na tena, kwa hasira. Ghafla vibwengo wakaanza kusuasua kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Feni ikanguruma. Polepole, raha mustarehe. Siri nimeipata: unabonyeza mpaka ichoke.

Marivic akasema, "Hapana, Mjomba, hicho ni cha kuongeza. Umeibebesha kompyuta yako mzigo isiouweza, imeelemewa. Punguza."

Nikamuuliza, vibwengo wanakwenda polepole au hawaendi polepole? Akakiri wanakwenda polepole. Basi tubishanie nini?

Ijumaa, 31 Januari

Kumfikia Mfalme Mfu ni safari ya wiki nyingi, na sikukuu ni keshokutwa. Lakini mimi ni Rogaciano. Nimepata mtandaoni faili ya Mjerumani mmoja aliyecheza mpaka mlango wa mwisho akaihifadhi hapo. Shujaa wake ana masahaba wenye silaha za kutisha, ukiwaamuru mara moja wanapigana wenyewe. Mimi kazi yangu kufungua mlango tu.

Shida, shujaa anaitwa Helmut. Imeandikwa juu kabisa, kubwa. Nimejaribu kubadilisha, herufi zikageuka alama za ajabu, nikarudisha. Nimemwomba mke wangu Perpetua, akiulizwa, aseme utotoni nilikuwa naitwa Helmut. Akasema utotoni nilikuwa naitwa Sahani, kwa sababu ya masikio.

Jumamosi, 1 Februari

Sielewi. Nilikuwa najizoeza, vibwengo wakitambaa vizuri, mara harufu kama ya nywele zilizoungua. Feni kimya. Kioo kimezima, hakiwaki. Jana ilikuwa nzima!

Marivic amekubali kuleta kompyuta yake. Mpya kabisa, ina nguvu za kutosha meli. Faili ya Helmut ameipakia. Akataka kuniwekea na kasi. Nikamwambia ashughulike na nguruwe wa kubanika, haya mengine aniachie.

Jumapili, 2 Februari

Sebule ya Tikyo ilijaa. Kompyuta imeunganishwa na televisheni kubwa. Tikyo mwenyewe kaketi mbele, na sakafuni kaweka mto, eti wa kupigia magoti. Dharau.

Nikafungua. Tikyo akauliza Helmut ni nani. Nikamtazama Perpetua. Perpetua akasema, "Huyo simjui. Mimi niliolewa na Sahani." Wakacheka mpaka watoto wa jirani.

Sikutetereka. Mlango wa mwisho ule pale, masahaba wamejipanga. Nikataka watu waone kila pigo, basi nikakandamiza kitufe changu cha kulia, nikakandamiza sana. Marivic akatoka jikoni na sinia. "Mjomba, siyo hicho! Hii haielemewi!"

Nikafungua mlango. Nikaamuru shambulio. Nikageuka kumshauri Tikyo aanze na goti la kulia, maana la kushoto lina baridi yabisi.

Nilipogeuka tena, kioo cheusi. Kimstari kidogo kinapepesa. Hakuna mlango, hakuna mfalme, hakuna Helmut.

Nikauliza kumetokea nini. Marivic akasema, "Umeshinda, Mjomba. Mfalme kaanguka, taji likaja, majina ya waliotengeneza yakapita, gemu ikajifunga. Yote kama radi."

Nikasema shahidi huyo hapo, tena binti yako! Tikyo akasema yeye kaona mwanga tu. Dada yangu alikuwa anakata nyama. Nikataka kurudia. Marivic akatafuta, akasema gemu hii ukishaimaliza inafuta ulichohifadhi. Na mtandao haupatikani, mtaa mzima unatuma picha za nguruwe.

Tikyo akaniuliza taratibu, "Shemeji, wewe mwenyewe umeuona huo mwisho?"

Nilikuwa natazama goti lake.

Nimeapa mbele ya wote. Mto ukarudishwa kwenye kochi.

Jumanne, 4 Februari

Tangu juzi sina la kusema. Perpetua amenipima homa.

Leo sokoni muuza tambi akaniuliza mbona kimya. Tikyo yuko pembeni, anakunywa supu yake kwa amani. Nikafikiri. Ahadi ilikuwa hadithi ya mwaka tisini na tatu. Ya Jumapili nani kanikataza?

Nikamweleza jinsi nilivyomuua Mfalme Mfu mbele ya ukoo mzima, kwa kitufe kimoja, kichwa nimekigeuza, hata kumtazama sikumtazama. Upesi kiasi kwamba shemeji yangu aliona mwanga tu. Nikamgeukia, kweli si kweli? Tikyo akachungulia bakuli lake. Akasema mwanga aliuona. Muuza tambi akasahau tambi motoni, zikawa uji.

Nikanogewa. Nikaongeza kwamba ipo na Drozgar ya pili, ngumu zaidi, nayo niliimaliza kule mji wa Bacolod kwa mkono wa kushoto. Tikyo akaweka kijiko chini. Akasema Pasaka, ukoo mzima, niwaonyeshe.

Nimekubali. Sina wasiwasi. Kompyuta ya Marivic ni nzuri, ila ina haraka, na dawa yake naijua: kitufe cha kulia, mpaka ichoke.