Gari Lililopigwa Sili

Jumatatu, 16 Desemba 1996

Wiki ya tatu tangu nimalize Kidato cha Nne. Shangazi Gaudencia amefika kutoka Nangina na habari njema: kuna nafasi katika duka lake la ushonaji. Nitaanza Jumatatu tarehe 30. Hakuniuliza. Alimuuliza Baba, nami nimekaa katikati yao nikimenya viazi.

Sitaki kushona. Nataka kuendesha lori. Sijawahi kulisema jambo hili kwa sauti, kwa sababu mimi ni mtu wa haya. Leo nimeliandika kwenye karatasi, nikaiweka chini ya kikombe cha Baba.

Baba ameendesha malori ya transit, yale ya kuvusha mizigo hadi nchi jirani, miaka ishirini na miwili. Hapa Malaba, mpakani, hata mbuzi wanajua mlio wa gari la Omoding. Alisoma karatasi, akanywa chai, akasoma tena. Kisha akatangaza mapatano mbele ya Shangazi. Nikishinda mbio za magari ya vijana, atanipandisha kwenye lori na kunifundisha gea zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Nisiposhinda, Nangina.

Shangazi alicheka hadi akakohoa. "Amuron? Huyu hata kuku hawezi kufukuza!"

Ni kweli. Lakini mbioni hakuna kuku.

Mbio ni tarehe 26, kwenye mteremko wa barabara ya Kocholia. Gari liwe la mbao, lisiwe na injini. Dereva awe chini ya miaka kumi na minane. Familia inaruhusiwa kusukuma hatua ishirini, hadi mstari wa chokaa, halafu iachilie. Mimi natimiza kumi na minane tarehe 9 Januari. Kwa hivyo ni sasa au cherehani.

Mshindani wa maana ni mmoja tu: Callistus, miaka kumi na mitano, mtoto wa fundi wa gereji. Ameshinda mara mbili. Ana masharubu ya nywele saba. Nilizihesabu kanisani.

Jumatano, 18 Desemba

Gari limekamilika! Baba ametoa beringi nne kuukuu za lori. Amechonga magurudumu ya mbao na kuyatoboa matundu ili yawe mepesi. Mama, ambaye huwauzia chai madereva walio kwenye foleni ya kuvuka mpaka, ameshona kiti cha gunia. Ndugu yake, Mjomba Ekisa, ameleta fomu. Mjomba ni wakala wa forodha. Hawezi kukupa maji ya kunywa bila nakala tatu. Amelisajili gari. Penye "aina ya mzigo" ameandika "binti".

Jaribio la kwanza alasiri. Usukani ni kamba, breki ni kisigino. Mbio ajabu! Chini ya mteremko mama wawili walikuwa wameanika muhogo kando ya lami. Baba alikuwa ameniagiza nikiona watu nipige kelele, "Pisha!" Lakini mtu atampigiaje kelele mama mzima? Nilisema, "Samahani mama, naomba kupita." Nadhani nilisema vizuri. Hawakusikia.

Nimeokota muhogo mpaka saa kumi na moja. Mmoja wao aliniuliza kama mimi ni bubu. Nilizidi kuokota. Akanipa pole na kipande cha muwa.

Kelele siziwezi. Itabidi nishinde kwa akili.

Ijumaa, 20 Desemba

Upelelezi. Nilienda gereji nikiwa nimejiandaa kusema kwamba nimetumwa spana. Sikuhitaji kusema. Nilisimama kando ya ukuta karibu saa nzima na hakuna aliyenisemesha.

Gari la Callistus ni jekundu. Magurudumu ni ya wilbaro, tena ya mpira. Ubavuni ameandika RADI YA MALABA. Mwishowe aliniona, akanifuata hadi mlangoni.

"Dada, siku ya mbio utakula vumbi yangu. Kula pole pole, usinyongwe."

Nilimjibu jibu kali sana. Nilikuwa tayari nimefika nyumbani.

Lakini kabla hajaniona nilikuwa nimetekeleza mpango. Kando ya gari lake palikuwa na kopo la grisi, limefunguliwa. Mfukoni nilikuwa nimebeba unga wa muhogo. Grisi na unga ndani ya gurudumu linalozunguka: ugali. Nilitia konzi mbili, nikakoroga kwa kijiti, nikafunika. Nilijishangaa.

Saa kumi na mbili Baba aliingia akipiga mluzi. Amepitia gereji, na fundi, kwa ujirani mwema, amempa kopo zima la grisi kwa ajili ya gari langu. Nilipotoka jikoni alikuwa ameshazipaka beringi zote nne. Alisifu grisi ya siku hizi. Ni nzito, alisema, lazima inatoka Ulaya.

Jumapili, 22 Desemba

Jana kutwa nilikuwa nyuma ya choo nikiosha beringi kwa mafuta ya taa. Mama alikuja mara mbili kuuliza kama tumbo linaniuma.

Nilipokuwa nikiosha niliingiwa na hofu. Mimi ni mwanakwaya. Nimelelewa vizuri. Kama mimi naweza kumtilia mtu unga kwenye grisi, Callistus atashindwa na nini? Na magari yote yanakabidhiwa Jumanne ili yakaguliwe, kisha yanalala katika ukumbi wa parokia hadi Alhamisi. Siku mbili! Ukumbi uko mkabala na gereji!

Baada ya misa nilimnong'oneza Mjomba Ekisa. Sikutaja unga. Mjomba aliiona hatari papo hapo. Aliuliza mbona nimechelewa kumwambia.

Jumanne, 24 Desemba

Ukaguzi umeenda vizuri. Mwenyekiti wa mbio ni Mwalimu Okal. Alivuta kamba za kila gari, akapima urefu, akapitisha magari saba.

Kisha Mjomba akaingia. Suti. Begi. Humo akatoa sili, ile ambayo kampuni yao hufungia milango ya ghala na mizigo ya malori isiguswe njiani: waya mgumu na kidonge cha madini ya risasi kinachobanwa kwa koleo maalumu mpaka nambari ing'ate. Alipitisha waya kwenye matundu ya magurudumu yote manne, akazungusha kwenye kamba ya usukani, akabana. Nambari 4471. Gurudumu haliwezi kuzunguka hata nusu bila waya kukatwa. Akasoma fomu kwa sauti: sili itakatwa na wakala mwenyewe tu, mbele ya dereva, baada ya nambari kulinganishwa na daftari. Nilitia sahihi mara tatu. Baba alitia kama shahidi. Alikuwa amevua kofia.

Callistus alilizunguka gari langu polepole. "Boss, hii ni gari ama kontena? Inaenda Kigali?"

Ukumbi mzima ulicheka. Wacheke. Huu ndio mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga. Hakuna binadamu atakayeligusa gari langu.

Alhamisi, 26 Desemba

Hakuna binadamu aliyeligusa. Nami nikiwemo.

Mjomba alivuka mpaka jana kwenda kula Krismasi kwa wakwe zake Tororo, Uganda. Aliahidi kurudi asubuhi na mapema. Koleo na daftari vilikuwa ndani ya begi, na begi huwa halimwachi. Mbio zilikuwa saa tano. Saa nne na nusu, hakuna Mjomba. Saa tano kasorobo Mama akatoa kisu chake cha mandazi.

Baba akaruka mbele ya gari na kutandaza mikono.

"Baba Amuron," Mama akasema, "mtoto aende Nangina kwa sababu ya waya?"

Baba alijibu kwamba amepita Mombasa, Kampala na Kigali, kwenye mvua na kwenye vita, na hajawahi kufika popote na sili iliyokatwa. Hataanza leo mbele ya watu.

"Hii ni mbao, Omoding! Mbao!"

"Sili haiulizi umebeba nini."

Madereva wa foleni, waliokuja kutazama kwa kukosa kazi ya sikukuu, wote walikuwa upande wake. "Mzee ako sawa! Seal haiguswi!" Kina mama walikuwa upande wa Mama. Mmoja aliwauliza madereva kama wake zao nao wamepigwa sili. Shangazi Gaudencia hakuwa upande wowote. Alikuwa ameleta kiti.

Callistus akaja na koleo la babake. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hataki kumshinda mtu aliyefungwa miguu. Nilitaka kumchukia lakini muda haukutosha. Baba alimshukuru na kulikataa koleo.

Hapo Mwalimu Okal akapandisha mkono, watu wakanyamaza. Alisema dereva ni mimi na sahihi ni yangu. Baba ni shahidi tu. Kwa hivyo niseme mwenyewe, aamue kwa neno langu: sili ikatwe au isikatwe?

Hata Baba alishusha mikono. Alinitazama, akangoja.

Neno lilikuwa moja. Kata. Nilikuwa nalo mdomoni, limekamilika. Watu kama mia tatu walikuwa wakinitazama. Nilitazama viatu vyangu. Nikafungua kinywa.

Nikasema, "Samahani."

Mwalimu Okal alingoja kidogo kuona kama kuna lingine. Akatazama saa. Akapuliza filimbi.

Magari sita yalishuka. Sisi tulibaki na vumbi.

Kisha Baba akasema kwamba kanuni zinataka gari lifike chini na dereva wake. Hazikusema magurudumu yazunguke. Akanikalisha kwenye gunia. Yeye mbele, Mama nyuma bado na kisu kiunoni, wakaninyanyua pamoja na gari. Baba ni mtu wa sheria: kwenye mstari wa chokaa familia ilituachilia kama inavyotakiwa, na madereva wanne wakatupokea mabegani. Tukashuka mteremko wote hivyo. Waliimba. Mmoja alikuwa akipiga honi kwa mdomo. Nilifunika uso kwa mikono, lakini niliwaona wale mama wa muhogo katikati ya vidole. Mmoja alimwambia mwenzake, "Si ndiye yule bubu? Kumbe ni mgonjwa pia."

Tulifika wa saba kati ya saba. Callistus alikuwa ameshapewa kombe na alikuwa akila andazi.

Baba alipiga magoti, akasoma sili. 4471. Nzima. Alifuta macho. Madereva walipiga makofi kuliko walivyompigia mshindi, wakamwinua Baba juu, wakanisahau garini.

Saa sita Mjomba alifika kwa boda boda, mwendesha baiskeli akihema kuliko yeye. Alilinganisha nambari, akakata waya, akaniomba nitie sahihi nakala tatu.

Ijumaa, 27 Desemba

Baba hawezi kupita kwenye foleni bila kupewa chai. Habari imefika hadi Busia. Wanasema mzigo wa Omoding ulifika salama.

Niliweka karatasi chini ya kikombe chake. Niliuliza kama dereva aliyefikisha sili nzima hastahili angalau gea ya kwanza. Aliandika jibu upande wa pili: "Mapatano yalikuwa kushinda." Kisha akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema angeikata sili. Kama ningesema, angekata kwa meno yake. Akaenda zake.

Nimekaa kutwa nikitafakari kosa langu. Nimelipata. Ni wakwe wa Mjomba.

Jumapili, 29 Desemba

Sanduku liko tayari. Shangazi amenitazama vidole na kusema ni vya mtu wa vishikizo.

Lakini leo baada ya misa alimwambia Mama, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba vijana wa huko kwao Funyula, karibu na Nangina, nao wana mbio za magari ya mbao. Hufanyika Pasaka. Nilimwaga uji.

Karatasi, kikombe. Niliuliza: mapatano yalisema nishinde mbio zipi? Baba aliigeuza ile karatasi mpaka chai ikapoa. Mwisho akaandika: "Mapatano hayakutaja." Akapiga mstari chini yake na kutia sahihi.

Limebaki suala la umri. Ifikapo Pasaka nitakuwa na miaka kumi na minane na zaidi. Lakini nani ananijua Funyula? Mimi ni mfupi. Nikijitahidi kwenye cherehani, nguo ya kwanza nitakayoshona ni sare ya darasa la nane, kipimo changu. Shangazi hatakuja mbioni kwa sababu hapendi jua. Alhamisi alikuja, lakini kulikuwa na mawingu.

Nitajiandikisha kwa jina la Sheilah. Miaka kumi na minne. Sheilah hana haya hata kidogo. Anafukuza kuku wa watu. Anajibu hapo hapo, mbele ya mtu. Sheilah angesema "kata" kabla Mwalimu Okal hajamaliza swali.

Sioni kasoro yoyote katika mpango huu.

Jioni nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Kidevu juu, mikono kiunoni. "Naitwa Sheilah!" Ilitoka vizuri, karibu kusikika. Mama aliingia kuchukua ndoo, akauliza nazungumza na nani.

Nilimpa ndoo. Lakini Sheilah alikuwa karibu sana kumjibu.